Kitabu cha Sweta Jekundu

Binti yangu hakutoka tumboni mwangu, na jambo hilo sijawahi kumficha yeye wala mtu mwingine. Nilimchukua kwenye makao ya watoto akiwa na miaka miwili na nusu, baada ya barua za ustawi wa jamii, baada ya ziara za afisa aliyekagua mpaka choo changu, na mwisho kabisa nikapata hati ya mahakama ambayo naiweka sanduku moja na cheti changu cha ualimu. Sikuwa na mume wakati ule na sina sasa. Waliosema mwanamke asiye na mume hapewi mtoto walisema, na wakati wanasema mimi nilikuwa najaza fomu.

Hapa Rhotia ushauri ni wa bure na haukatiki hata mvua zikikatika. Wengi walinishauri nimfiche mtoto. Jirani mmoja, mtu mwema kabisa, aliniambia, "Hama, Mwalimu. Nenda hata Babati, huko hakuna anayejua kwamba hujawahi kubeba mimba." Nikamwuliza shamba langu la mahindi nalo litahamia Babati? Nimefundisha darasa la awali miaka kumi na minne, na ninachojua kuhusu watoto wa miaka mitano ni kwamba siri za wakubwa wanazinusa kama paka anavyonusa dagaa. Kwa hiyo nilimwambia mapema, siku moja tukiosha vyombo: ulikaa kwenye tumbo la mama mwingine, yeye hakuweza kukulea, mimi nikaomba nikulee. Akauliza kama huyo mama mwingine alikuwa na gari. Nikamwambia sijui. Tukamalizia masufuria.

Nikadhani kazi imeisha. Nilikuwa na kiburi cha mtu aliyesema ukweli mara moja na kudhani ukweli unajilea wenyewe.

Nyumbani kwa mama yangu, Mbulumbulu, ukoo wetu una desturi. Mjukuu akikaribia kuanza darasa la kwanza, bibi humpa mtetea. Huyo si kuku wa kuchinjiwa wageni. Ni wake mtoto: anamlisha, anamfungulia asubuhi, akitotoa vifaranga ni vyake. Mimi nilipewa mweusi mwenye kishungi, na siku mwewe alipomchukua nililia kuliko nilivyolia kwenye msiba wa mjomba, mpaka nikachapwa kwa ajili hiyo.

Mwaka binti yangu alipofika miaka sita tulikwenda kumsaidia bibi yake kupukuchua mahindi. Tulikuwa uani, mimi, mama, dada yangu mkubwa na watoto wake. Mama akanyanyuka, akaingia bandani, akatoka na mtetea wa madoadoa kwapani, akamwita binti yangu. Dada akaweka gunzi chini.

"Mama, kuku wa ukoo unampa mtoto wa kuokota?"

"Nyamaza, wewe," mama akasema.

"Ninyamaze nini na ni ukweli? Kitu cha kuokota kina mwenyewe, na iko siku atakuja kukidai. Uchungu wa mwana aujuaye mzazi. Huyu mdogo wangu anacheza mchezo wa baba na mama, tena hata baba hayupo."

Nilimjibu. Niliyomjibu siyaandiki, kwa sababu mama yangu bado yu hai na ameshayasikia mara moja. Nilipomaliza kupiga kelele ndipo nikamwona binti yangu. Alikuwa amesimama mbele ya bibi yake, mikono ameificha mgongoni.

"Shika, mjukuu wangu," mama akamwambia.

"Sitaki, bibi."

"Hutaki kuku? Kwa nini?"

"Nikirudishwa, nani atamlisha?"

Aliuliza kwa adabu, kama anavyouliza zamu ya kufagia ni ya nani. Hakulia. Niliyelia ni mimi, nyuma ya banda, kwa hasira. Sikuwa na huzuni hata kidogo siku ile. Nilitaka kumpiga mtu.

Kuku tulirudi naye Rhotia kwenye kikapu, kwa bodaboda, mtoto kati yangu na dereva. Mtaani kwetu kuku wa nyumba zote huzurura pamoja, na ili wasigombaniwe jioni kila mtu huwafunga wake kitambaa mguuni: jirani wa juu kitambaa cheupe, wa chini cha bluu. Nikamwambia binti yangu achague rangi amfunge kuku wake. Akasema, "Mfunge wewe, Mwalimu. Ni kuku wako." Shuleni alikuwa ananiita Mwalimu kama wenzake, hilo tulikuwa tumekubaliana. Nyumbani nilikuwa mama. Tangu siku ile nikawa Mwalimu hata jikoni, na kuku akazurura bila kitambaa wiki baada ya wiki, majirani wakiniambia ataliwa na watu.

Mimi ni mtu wa watoto wadogo, na mtoto mdogo haamini unachomwambia mpaka akione kimechorwa. Nikaanza kutafuta picha. Ya kwanza kuiona ilikuwa ukutani darasani kwangu, na niliichora mwenyewe nikiwa mwalimu mpya: baba, mama, mvulana, msichana, na mbwa aliyefanana na mbuzi. Juu nimeandika FAMILIA. Kila asubuhi watoto waliimba wakiielekezea fimbo: huyu baba, huyu mama, huyu kaka, huyu dada. Nikapitisha macho kwenye madawati nikijiuliza ni nani anayeishi ndani ya picha ile. Hawakufika hata nusu. Binti yangu alikuwa dawati la tatu, anaimba kwa sauti kuliko wote.

Mzazi mmoja anayefanya usafi kwenye loji alikuwa ameleta sanduku la vitabu vilivyoachwa na wageni. Humo nikakuta kimoja cha Kiingereza, cha dubu aliyemchukua sungura akamlea. Nikamsomea binti yangu kwa Kiswahili, kwa sauti zote mbili, ya dubu na ya sungura. Alisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza, "Kwa nini dubu hakumla?"

Sikukata tamaa. Nikamtungia hadithi ya hapa hapa, ya kuku aliyewekewa mayai ya bata akayaatamia na kuyatotoa, jambo ambalo kila nyumba huku imeshalifanya. Akauliza, "Wale bata wakikua wanaenda wapi?" Nami, na elimu yangu yote, nikasema, "Wanaenda majini." Akaitikia kwa kichwa taratibu, kama mtu aliyethibitishiwa kitu. Nilitamani kuumeza ulimi wangu.

Hapo nikaapa: wanyama basi. Watu wa huku tunaishi na wanyama vya kutosha. Nitatengeneza kitabu cha watu, tena watu wanaoonekana, wa nyumba ninazozijua, na anayeona aibu afunge macho.

Karatu mjini, pembeni ya lami inayopandia geti la Ngorongoro, kulikuwa na mchoraji mwenye banda la picha za watalii. Mtu mzima, mpole, mikono yenye rangi mpaka viwikoni. Alikubali, ila kwa mkono wake uliozoea, kila nyumba niliyomwagiza aliiwekea tembo nyuma. Nikamwambia hii ni nyumba ya bibi mmoja wa kijiji cha Daa, tembo anatafuta nini? Akanijibu, "Mwalimu, picha bila tembo haiuziki." Nikamwambia haiuzwi. Akanitazama kwa huruma. Mwishowe nikamwachia tembo mmoja, kwenye shamba la mahindi, kwa kuwa huyo hata Rhotia tunamjua, akitoka msituni habishi hodi.

Nilipita nyumba kwa nyumba kuomba ruhusa. Kuna walionifungia mlango. "Unataka kutuanika," mama mmoja aliniambia, na mtoto wa marehemu dada yake amesimama hapo hapo anamenya viazi. Lakini wengine walikubali. Bibi wa Daa anayelea wajukuu wanne waliotoka kwa watoto wake watatu, huyo alihitaji kurasa mbili. Kibarua wa Singida kwenye shamba la kahawa, ambaye rafiki yake wa kazi alipofariki alimchukua mwanawe akamlaza kitanda kimoja na wanawe. Na ukurasa wa nne, mama wa Kimaasai anayeniletea maziwa. Yeye hushuka kutoka vilima vya Ngorongoro siku za mnada. Zamani kidogo, akinipimia maziwa, alikuwa ameniambia kwamba alikaa miaka bila kuzaa, mke mwenzake akampa mtoto wake mmoja, kwa kuwa kwao si haki boma moja mama huyu awe na watoto sita na yule asiwe na hata mmoja. Alinisimulia kama anavyosimulia bei ya chumvi. Ukurasa wa tano tulikuwa sisi wawili.

Wazo la sweta lilikuwa la mchoraji. Alinifundisha siri ya kazi yake: kwenye kila picha ya watalii anaweka mtu mmoja mwenye shuka jekundu, ili jicho la mnunuzi lipate pa kutua. "Tuwafanyie hivyo hivyo hawa," akasema. "Mtoto wa kulelewa avae sweta jekundu kila ukurasa. Msomaji atamjua mara moja." Nikaona ni akili kubwa. Nilimpongeza, nikamnunulia soda. Tukapaka sweta jekundu kurasa zote tano, nikashona kitabu kwa uzi wa gunia, nikakibeba kwenye mkoba siku nzima kama mwanafunzi aliyeshinda mtihani.

Mtu wa kwanza kumwonyesha alikuwa mama wa maziwa. Siku ya mnada alifika mlangoni na madumu yake.

"Takwenya, Yeyo," nikamsalimu kwa Kimaasai, nikimwita mama.

"Iko," akaitikia. Nikamfungulia ukurasa wake. Akachekacheka. "Hii ni mimi? Mbona nimekuwa mwembamba hivi, kama fimbo?"

"Mchoraji amezoea kuwachora hivyo, Yeyo. Wazungu wanapenda."

Akainamia picha, akaanza kuwagusa watoto mmoja mmoja kwa kidole. Akafika kwenye sweta. "Na huyu? Kwa nini nguo yake peke yake ni nyekundu?"

"Si ndiye yule uliyepewa? Ili watoto wamtambue."

Kicheko kikaisha. "Nani alikuambia mimi iko na mtoto wa kupewa?"

"Wewe mwenyewe, Yeyo. Ulisema mke mwenzako alikupa."

"Nilisema alinipa. Siku ile alinipa, ikaisha. Sasa ni mtoto." Akafunga kitabu akanirudishia. "Sisi ng'ombe tunakata sikio. Tunaweka alama, akipotea mtu anaona alama, anarudisha kwa mwenyewe. Hii mtoto wewe umeweka alama. Arudishwe kwa nani?"

Nilikasirika. Niseme kweli, nilikasirika sana, kwa maana nilikuwa nimehangaika miezi na kitabu kile na sikutegemea kufundishwa mlangoni kwangu. Nikaanza kumweleza kwamba kitabu ni cha kuwasaidia watoto, kwamba watoto lazima waone. Alinisikiliza, akanipimia maziwa yangu, akabeba madumu, akaenda zake.

Nikabaki nimeketi kizingitini na jagi la maziwa mapajani. Arudishwe kwa nani. Nikirudishwa, nani atamlisha. Lilikuwa neno lile lile. Dada yangu alimtia mwanangu alama kwa mdomo, mara moja, mbele ya watu wachache. Mimi nilimtia kwa rangi ya mafuta, kurasa tano, na nilikuwa najiandaa kwenda kuwasomea darasa zima. Niliona aibu mpaka masikio yakawaka moto.

Kesho yake nilikuwa Karatu bandani kwa mchoraji. "Yafute yote," nikamwambia. "Watoto wote wavae sweta la bluu la shule."

"Sasa jicho litatua wapi, Mwalimu?"

"Lihangaike."

Alipaka bluu juu ya nyekundu huku akisonya. Ukurasa wa nne rangi haikushika vizuri, na hadi leo ukiangalia kwa makini sweta moja lina uzambarau. Tumeliacha hivyo.

Jumatatu niliibandua FAMILIA ukutani. Ilikuwa imegandamana na chokaa, ikatoka vipande vipande, mbwa akabaki. Nilipokuwa nawakalisha watoto mkekani, mwalimu mkuu akaingia.

"Mwalimu, naambiwa una kitabu chako. Kina kibali?"

"Hakina, Mkuu. Na ile picha niliyoibandika hapa nikiwa mwalimu mpya haikuwa nacho pia, na hukuwahi kuniuliza."

Alifikiri kidogo, akavuta kiti akakaa nyuma. Namheshimu kwa hilo mpaka leo.

Niliwafungulia ukurasa wa kwanza. Sikuuliza nani amemzaa nani. Niliuliza, "Hapa nani anapika? Nani anamsubiri mwenzake akichelewa shule?" Wakabishana. Mmoja akasema bibi huyu ni kama bibi yake, naye anaishi kwa bibi. Mwingine akasema yeye ana mama wawili na wote wanachapa. Kukawa na zogo la kila mtu kutaka kusema kwao wako wangapi, na tembo alipotokea ndiyo kabisa, ikabidi nipige makofi mara tatu. Mkuu naye nilimsikia akimwambia mtoto wa karibu yake kwamba yeye alilelewa na shangazi.

Ukurasa wa mwisho palikuwa na mwanamke, mtoto na kuku. Chini niliandika: Hawa ni familia. Hapa harudishwi mtu. Nilisoma kwa sauti nzito kuliko nilivyokusudia, na sikusoma kwa ajili ya darasa.

"Mwalimu, huyo ni wewe?" wakauliza.

"Ni mimi."

Wote wakageuka kumtazama binti yangu. Alikuwa anaiangalia picha, amekunja uso. Akanyoosha mkono kama mwanafunzi mwema.

"Kuku amekosewa," akasema. "Huyo ni mweupe. Yule ana madoadoa."

Basi. Mimi nilitarajia machozi, nilitarajia kukumbatiwa, nilikuwa nimeshaweka leso mfukoni. Nikamwambia ahsante kwa kusahihisha, nikafunga kitabu, tukaenda kwenye uji.

Jioni nilikuwa nachambua maharage uani. Akasimama mbele yangu.

"Mama, mkasi uko wapi?"

Nikamwonyesha ulipo bila kuinua kichwa, maana niliogopa uso wangu. Akaingia ndani akakaa kidogo, akatoka na gauni la njano. Lilikuwa gauni alilokuja nalo kutoka makao, dogo kama kiganja, ambalo nililihifadhi sandukuni pamoja na ile hati. Nilifungua mdomo nimkataze. Nikaufunga. Akakata pindo lote, refu, akatupa mkasi, akamfukuza kuku yule kuzunguka nyumba mara nne mpaka akamkamata, akakaa naye chini akamfunga fundo mguuni. Fundo lilikuwa kubwa, kuku akatembea siku mbili kama mwenye kiatu kimoja.

Dada yangu hatukusemeshana mpaka mavuno yaliyofuata. Siku moja alishuka Karatu kwa shughuli zake akapitia kwangu, kwa kuwa kulikuwa na mvua na kwa kuwa ni dada yangu. Nikampa kiti na chai. Kuku akapita mbele yetu na vifaranga vyake saba.

"Huyu wa kitambaa cha njano ni wa nani?" akaniuliza mimi.

Binti yangu alikuwa kizingitini anakung'uta tope viatuni, akaniwahi.

"Ni wangu, mama mkubwa."

"Na kitambaa cha nini?"

"Akipotea, watu wakimwona wamrudishe kwetu."

Dada alikoroga chai ambayo sukari yake ilikwisha kuyeyuka zamani. "Kwenu wapi?" akauliza, na sijui mpaka leo kama aliuliza kwa ubaya.

"Hapa," binti yangu akasema, akakanyaga sakafu kwa kiatu chake chenye tope, kisha akatoka kwenda kumfukuza kuku wake kwenye maharage.